Corvette ya zamani, 1968 hadi 1982: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nina Corvette ya 1976, kijani iliyokolea, na ninaishi Bowling Green, Kentucky, mji ambao ndiko zinakoundwa tangu 1981. Hapa tupo Waswahili wengi, hasa ndugu zetu waliotoka Congo, kwa hiyo kila nikisimama kuweka mafuta maswali huja kwa Kiswahili. Mengine huja kwa simu usiku, kutoka kwa wadogo zangu walioko Tanga. Nimeyakusanya yale yanayojirudia. Nayajibu kwa niliyoyaona kwa macho yangu, chini ya gari, mikono ikiwa na grisi.

Hili ni gari gani hasa, na "Stingray" maana yake nini?

Corvette ni gari la spoti la Chevrolet, la viti viwili. La kwanza lilionyeshwa New York mwezi Januari 1953, na mwaka huo yakatengenezwa 300 tu mjini Flint, Michigan: yote meupe, ndani mekundu, injini ya silinda 6. V8 ilikuja 1955. Mtu aliyelipigania mpaka likawa gari la mbio kweli ni mhandisi Zora Arkus-Duntov, mzaliwa wa Brussels.

Mimi naongelea kizazi cha tatu, cha 1968 hadi 1982. Umbo lake lilitokana na gari la maonyesho la 1965 lililoitwa Mako Shark II, lililochorwa na Larry Shinoda chini ya Bill Mitchell. Mako ni papa. Na Stingray, jina lililobandikwa ubavuni kuanzia 1969 hadi 1976, ni nyenga, yule wa jamii ya taa mwenye mwiba mkiani. Mtu wa pwani akiliona kwa mbele, pua imelala chini, mabega yamevimba juu ya magurudumu, hahitaji kuelezwa jina lilitoka wapi.

Nina akiba ya kawaida tu. Nitafute ya mwaka gani?

Tafuta ya 1974 hadi 1979 yenye injini ya kawaida, ile inayoitwa L48. Za 1968 hadi 1972 zina bampa za chuma mbele na nyuma, ndizo wakusanyaji wanazogombania, na bei zake zinajua hilo. Mwaka 1973 bampa ya mbele ikawa ya plastiki laini, na 1974 ya nyuma ikafuata. Mwaka 1975 ulikuwa wa mwisho kwa zenye paa la turubai. Hazikurudi tena mpaka 1986. Mwaka 1978 nyuma ikapata kioo kikubwa cha mteremko, na 1979 zikatengenezwa 53,807, nyingi kuliko mwaka mwingine wowote wa kizazi hiki. Wingi huo ndio unaokusaidia wewe: bei ni ya kustahimilika, na ukiibadilisha kidogo hujaharibu kitu adimu.

Angalizo mawili. Zilizouzwa California mwaka 1980 zilipewa injini ndogo kuliko ya kawaida, yenye ujazo wa inchi 305. Na za 1982 zote ni otomatiki, kwa hiyo kama unapenda kukanyaga klachi usihangaike nazo.

Nikienda kuiangalia, nianzie wapi?

Anzia usipopaona. Bodi ni ya faiba kama boti zetu za kisasa, na faiba haishiki kutu. Hapo ndipo watu wanapoliwa hela: gari linang'aa, linavutia, kumbe chuma kilichojificha ndani kimekwisha. Na chuma hicho ni cha aina mbili.

Kwanza kuna chesisi. Vaa nguo za kazi, lala chini, tambaa mpaka pale inapopinda kupanda juu, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Matope na maji hukaa hapo. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia "ngi!", kilichooza kinalia "pu".

Pili, kuna fremu ya chuma iliyofichwa ndani ya faiba, inayozunguka kioo cha mbele, milango na paa. Wamarekani wanaifananisha na tundu la ndege, na kweli ndivyo ilivyo. Mpira wa kioo cha mbele ukichoka, maji hupenya kwenye pembe ya juu, hushuka ndani ya nguzo ya kioo na kutuama chini, karibu na miguu ya dereva au abiria. Fungua plastiki ndogo iliyo ubavuni mwa miguu, mulika tochi, kisha bonyeza kwa bisibisi. Niliwahi kwenda kuangalia moja ya 1973, nyekundu, rangi yake mpya kabisa. Bisibisi ikazama mpaka mpini. Mwenye gari alikuwa hajui. Tulisimama pale wote wawili kimya, kisha nikamshukuru nikaondoka. Kuitengeneza fremu ile vizuri kunataka bodi ivuliwe, na gharama yake huipita bei ya gari.

Injini ikinoki isikutishe sana, injini inafanyiwa ovaholi. Rangi iliyopauka hiyo ndiyo kabisa isikusumbue. Kutu ya tundu la ndege ndiyo ikufanye ugeuze.

Nitajuaje kama injini iliyomo ni yake ya kuzaliwa nayo?

Namba ya gari inaonekana kupitia kioo cha mbele, upande wa dereva. Kuanzia 1972 hadi 1980 herufi ya tano inataja injini. Kwa gari la 1976, L ni ile ya kawaida ya nguvu za farasi 180, X ni L82 ya 210. Kisha nenda kwenye injini yenyewe: mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria kuna sehemu bapa iliyogongwa namba, na mwisho wa namba ya gari lazima urudiwe pale. Futa grisi kwa kitambaa, usisugue kwa msasa. Ukiona mistari ya kusagwa upya, jiulize nani alisaga na kwa nini.

Kuna na ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi. Kiwandani walikuwa wakibandika juu ya tangi la mafuta karatasi inayoorodhesha kila kilichofungwa kwenye gari lile. Nilipolishusha tangi langu kubadilisha mipira, nilikuta karatasi ile imekuwa rangi ya chai, kona moja imeliwa na panya, lakini inasomeka: injini, giaboksi, kioo cha rangi, redio. Mtu aliibandika St. Louis, zilikoundwa kabla ya kuhamia Bowling Green, mwaka 1976, na nadhani hakuna mwingine aliyeisoma mpaka siku ile. Usiibandue kwa pupa. Ipige picha kwanza ikiwa palepale.

Bodi ya faiba ni raha au ni tabu?

Ni vyote. Ukigongwa haibonyei, inapasuka, na fundi wa kunyoosha mabati hana la kufanya hapo. Tafuta anayejua resini na matabaka, awe hata fundi boti. Usikubali mtu aondoe rangi kwa dawa kali ya kwenye mabati, kwa maana dawa hiyo inaweza kula faiba yenyewe. Na unapoliinua, jeki ishike chesisi, isiguse bodi kamwe.

Tabu ambayo wengi hawaitarajii ni ya umeme. Kwenye gari la bati, bodi nzima ni waya wa kurudishia umeme. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa ina waya wake wa kurudi, na waya ule ukishika kutu kwenye boliti yake taa inafifia au inawaka ya jirani. Kabla ya kununua taa, swichi au altaneta mpya, safisha ncha hizo moja baada ya nyingine. Hiyo ni kazi ya jioni moja na karibu haina gharama.

Injini ni V8 ya lita 5.7, mbona nguvu ni za farasi 180 tu?

Swali hili wananiuliza vijana, na wana haki. Mambo matatu yalikutana. Mwaka 1971 General Motors, wenye Chevrolet, walipunguza mgandamizo ndani ya silinda ili injini zikubali petroli isiyo na risasi. Mwaka 1972 wakabadili namna ya kupima. Zamani injini ilipimwa peke yake juu ya stendi, sasa ikapimwa ikiwa imebeba feni, altaneta na silensa kama ilivyo garini. Ndiyo maana injini ileile ya kawaida iliandikwa 270 mwaka 1971 na 200 mwaka 1972. Kisha 1975 ukaja mtungi wa kusafisha moshi, na namba zikashuka hadi 165. Gari langu la 1976 lilipanda kidogo.

Lakini namba hiyo haikwambii kila kitu. Nguvu ya kuvuta ipo chini kabisa, kwenye mizunguko midogo. Ukikanyaga taratibu kutoka kwenye taa za barabarani unahisi kiti kinakusukuma mgongoni bila injini kupiga kelele.

Taa zangu haziamki pamoja. Moja inanyanyuka, nyingine imelala. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu, ni umri. Taa hizi hazinyanyuliwi na mota. Injini inaponyonya hewa, ule mnyonyo unapita kwenye mipira myembamba, unahifadhiwa kwenye tangi dogo, kisha unavuta kopo moja kwa kila taa. Tundu dogo popote pale, na taa inachelewa. Yangu ya kulia ilikuwa inanyanyuka nusu, inasita, halafu inamalizia kama mtu aliyeamshwa alfajiri bila kutaka.

Usianze kwa kununua makopo. Washa gari, inamisha sikio mbele, sikiliza mlio wa "sss". Kisha chomoa mpira mmoja, uzibe kwa kidole, uangalie taa ya pili inafanyaje. Nenda hivyo hivyo mpira kwa mpira. Ina mistari ya rangi ili isichanganywe, kwa hiyo badilisha mmoja ndipo uende kwa mwingine. Mimi niliichomoa yote kwa mkupuo nikapoteza Jumamosi mbili kuitafutia mahali pake. Mwisho mbovu alikuwa ni mpira wa urefu wa kiganja, uliopasuka pale unapopinda nyuma ya rejeta. Usiku ule niliziwasha na kuzizima mara ishirini hivi, peke yangu uani.

Ukishikwa njiani usiku, kuna swichi ya dharura chini ya nguzo ya usukani. Ijue ilipo leo, kabla ya kuihitaji.

Linachemsha kwenye foleni. Rejeta kubwa itasaidia?

Huenda, lakini si mwanzo. Pua ya gari hili ni ya chini mno na hewa nyingi inaingia kwa chini ya bampa, si kwa mbele. Wahandisi waliizungushia rejeta sponji na mipira ili hewa isipite pembeni. Miaka mingi ikipita sponji zinakuwa unga, hewa inakimbilia upande, na rejeta nzuri inaonekana mbovu. Rudisha sponji zote, hakikisha kava la feni lipo na halijapasuka, ondoa majani yaliyonasa. Ndugu zetu wa Oman na Ghuba walio na magari haya wafanye hivyo kabla ya kiangazi, si baada.

Breki zinavuja mafuta ingawa gari linalala tu. Kwa nini?

Kwa sababu linalala. Diski zipo magurudumu yote manne na kila kalipa, yaani chuma kinachobana diski, ina pistoni 4, jumla 16. Kalipa za asili ni chuma cha kusubu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, unyevu unatoboa vishimo vya kutu ndani ya kalipa, na sili haiwezi kuziba juu ya kishimo. Dawa yake ni kalipa zilizotiwa bomba la ndani la chuma kisichoshika kutu. Ukifunga hizo umemaliza.

Kama baada ya hapo pedeli bado inakuwa laini kila baada ya wiki, angalia diski. Diski ikiyumba zaidi ya inchi 0.005 inazisukuma pistoni ndani na nje, na hewa inaingia kidogo kidogo bila hata tone kuvuja. Nimeona watu wakitoa hewa breki mwaka mzima pasipo kujua hili.

Nataka kulifanya liwe langu. Nibadilishe nini kwanza?

Jibu langu halijabadilika tangu nianze: badilisha kinachoweza kurudishwa, na ukitoacho usikitupe. Boliti zisijaze tu pipa. Ziweke kwenye mfuko, uandike zimetoka wapi.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka wa kwanza nilipeleka gari kwenye gereji moja wanifungie kabureta mpya, kwa sababu ile ya asili, Rochester Quadrajet, ilikuwa inameza mafuta. Nilipokwenda kulichukua niliomba ile ya zamani. Walikuwa wameshaitupa kwenye vyuma chakavu. Kabureta ile ilikuwa na namba za gari la aina yangu na mwaka wangu, na kosa lake, nilikuja kujua baadaye, lilikuwa ni boya lake la ndani kulowa mafuta tu. Nilitafuta ya kufanana nayo kwa muda mrefu. Tangu hapo nikipeleka kitu gereji, natoka na boksi tupu nikiwaambia: cha zamani kikae humu.

Kwa mpangilio, anza na breki kama nilivyosema. Kisha matairi, kwa sababu tairi la zamani lenye kashata nzima bado ni hatari, mpira wake umekauka. Rimu za inchi 15 ndizo za asili. Ukienda kwenye 17 utapata uchaguzi mpana wa matairi, na za asili zikae darini. Halafu shokapu na bushi. Springi ya nyuma ni moja, vyuma bapa vilivyopangwa na kulazwa kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kuna ya faiba inayoingia palepale kwa boliti zilezile, nyepesi mno, na unaihisi kwenye mashimo. Beringi za magurudumu ya nyuma usizifungue mwenyewe. Zinapimwa kwa vibati vyembamba na kushindiliwa kwa mashine, mpe anayezijua.

Baada ya hapo nenda kwenye giaboksi. Otomatiki ya asili ina gia 3, na kwenye barabara kuu injini inalia safari nzima. Wengi hufunga 700R4 yenye gia 4, ambayo Corvette yenyewe iliipata 1982, kwa hiyo ni kama kumpa mtu koti la mdogo wake. Kwenye gari lililozaliwa otomatiki, chuma kinachobeba giaboksi kimefungwa kwa boliti na kinatoka. Kwenye la gia za mkono kimechomelewa, na hapo utalazimika kukata. Mimi singekata.

Na injini ya kisasa je? Naona wengi wanafunga LS.

LS1 iliingia kwenye Corvette ya 1997: lita 5.7 vilevile, lakini bloku ya alumini na nguvu za farasi 345. Inawaka asubuhi ya baridi kwa mguso mmoja na inakula mafuta kidogo. Sina neno baya juu yake. Ila kama injini iliyomo ndiyo ile yenye namba ya gari, ifunike kwa grisi, iweke kwenye stendi, na siku ya kuuza iende pamoja na gari. Kama injini ya asili ilishapotea zamani, una uhuru wote, furahi.

Kabla hujatoa mtungi wa moshi, angalia sheria ya jimbo lako. California imeyasamehe kupimwa moshi magari ya 1975 na nyuma, lakini ya 1976 kama langu bado yanapimwa. Mwaka mmoja tu tofauti.

Spea zinapatikana?

Karibu zote, mpaka skrubu ya kioo. Hilo ni jambo kubwa la gari hili kuliko magari mengi ya umri wake.

Linafaa kwa familia?

Viti ni viwili na buti halifunguki kwa nje, mizigo inapitishwa nyuma ya viti. Betri nayo imefichwa hukohuko. Mke wangu na mimi tunakwenda nalo sokoni Jumapili, watoto wanapokezana kwa zamu, na zamu hizo zimeandikwa kwenye friji.

Naweza kulipeleka nyumbani?

Inategemea nyumbani ni wapi. Kwa kanuni ya kawaida Kenya haipokei gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, wala lenye usukani wa kushoto. Tanzania nako tunaendesha kushoto, na gari kuukuu linaongezewa ushuru kwa ajili ya umri wake, kwa hiyo piga hesabu na wakala wa forodha kabla ya kulipa meli. Congo, Rwanda, Burundi na Oman wanaendesha kulia, usukani hautakuwa tatizo.

Nilifanyie bima gani?

Bima ya magari ya kale, yenye thamani mliyokubaliana na kuiandika. Bima ya kawaida inaweza kulihesabu gari lako kuwa ni gari kuukuu tu la miaka hamsini na kukulipa hivyo.

Sina hela sasa. Naweza kuyaona wapi kwa karibu?

Njoo Bowling Green, kwenye jumba la makumbusho la Corvette lililo karibu na kiwanda. Tarehe 12 Februari 2014 ardhi ilititia ndani ya jumba hilo na kumeza Corvette 8. Matatu yalitengenezwa, matano yakaachwa yalivyopondeka. Miongoni mwa yaliyotengenezwa ni Corvette ya milioni moja, nyeupe, ya 1992. Wafanyakazi walioliunda walikuwa wametia sahihi zao kwenye vipande vyake vya ndani, mahali ambapo mnunuzi hawezi kuona. Mafundi walipolifungua kulitengeneza walijitahidi kuviokoa vipande vyenye sahihi badala ya kufunga vipya. Ukifika, zunguka taratibu upande wa dereva, na kama nipo mjini nitakuja tuliangalie pamoja.